Umri wa mbu: niliyojifunza katika hesabu za malaria

Ukiniuliza ni namba gani moja ningependa kuijua kabla sijasema lolote kuhusu malaria ya kijiji fulani, sitakutajia idadi ya mbu, wala idadi ya wagonjwa waliofika zahanati. Nitataka kujua mbu wa pale wanaishi muda gani. Nimefanya kazi ya modeli za kihisabati za malaria, yaani milinganyo inayoiga jinsi ugonjwa unavyoenea, kwa miaka mingi, kwanza nikiwa msaidizi wa utafiti anayekusanya mitego alfajiri, baadaye nikiwa mtu wa kukaa na kompyuta, na jambo hilo la umri ndilo lililobadilisha namna ninavyouona ugonjwa huu. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu wanafunzi wengi wa baiolojia wanaokuja kwetu huamini kwamba hesabu ni kazi ya watu wengine, na wanaotoka idara za hisabati huamini kwamba mbu ni kazi ya watu wengine. Pande zote mbili zinajinyima kitu kizuri sana.

Nianze na mbu mwenyewe. Jike la Anopheles, jamii ya mbu wanaoeneza malaria, akimnyonya leo mtu mwenye vimelea vya malaria, hawezi kumwambukiza mwingine kesho. Vimelea lazima kwanza vikue ndani yake: vipenye ukuta wa tumbo, vizaliane kwa maelfu, vitoke, ndipo visafiri hadi kwenye tezi za mate. Katika joto la nyuzi 25 kazi hiyo inachukua kama siku 12. Na mbu hana maisha marefu. Analiwa na buibui na mijusi, anapigwa kofi, anakauka kwa jua, anagusa dawa. Wengi wanakufa kabla siku hizo hazijatimia. Kwa hiyo malaria yote ya kijiji inabebwa na mbu wachache waliobahatika kuzeeka. Wale wengine wanaokunyima usingizi wanakuwasha tu.

Umri wa mbu unajulikanaje, wakati hana cheti cha kuzaliwa? Hapa ndipo mikono inapoingia. Mtego wa taa unatundikwa karibu na miguuni pa kitanda chenye chandarua, unawaka usiku kucha, asubuhi unafungwa na kuletwa kituoni. Mbu wanaingizwa kwenye jokofu mpaka wafe, kisha wanatengwa kwa jinsia na kwa aina. Unamlaza jike mmoja juu ya slaidi penye tone la maji safi. Sindano ya mkono wa kushoto inamshikilia kifuani, ya kulia inavuta ncha ya tumbo, taratibu, bila kuikata. Ovari mbili zinatoka pamoja, nyeupe, unaziona kwa shida kwa macho matupu. Unaziacha zikauke, halafu unazipeleka chini ya hadubini. Unachotafuta ni mirija midogo ya hewa iliyozizunguka. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejisokota vifundo vifundo. Akishataga hata mara moja, ovari imeshatanuka kwa mayai na mirija imeshanyooka, na haitajisokota tena mpaka anakufa. Mtaalamu wa Kisovieti T. S. Detinova ndiye aliyeifafanua njia hii, na Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake mwaka 1962. Mpaka leo, mtu aliyezoea anaweza kufanya kazi hiyo kwa sindano mbili na hadubini ya kawaida ya shule.

Kwa kila mbu unapata jibu moja tu: ametaga, au hajataga. Majibu hayo ndiyo hesabu inayageuza kuwa umri. Chukua mfano wenye namba nyepesi. Katika mbu 100 uliowapasua, 70 wametaga. Kutoka kunyonya damu, kukomaza mayai, kutaga na kurudi kunyonya tena ni siku 3. Basi 0.7 ni uwezekano wa mbu kuvuka siku 3 akiwa hai. Siku 12 ni mizunguko minne kama huo, kwa hiyo unapiga 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 na unapata 0.24. Katika mbu 100 waliomeza vimelea leo, 24 watafika siku ya kuanza kuambukiza.

Sasa watu wapate vyandarua vyenye dawa, na waliotaga washuke kutoka 70 hadi 50 katika 100. Ukizidisha 0.5 mara nne unapata 0.06 na ushee. Waliokuwa 24 wamebaki 6. Na hao 6 nao hawana siku nyingi mbele yao: mbu wa hesabu ya kwanza, akishaanza kuambukiza, alikuwa na wastani wa siku 8 hivi za kuendelea kung'ata, na huyu wa pili ana siku 4 hivi. Ukiyaunganisha yote mawili, uwezo wa mbu hao kueneza malaria umeshuka zaidi ya mara saba. Lakini ukiacha maisha yao yalivyo, ukafukia madimbwi mpaka idadi yao ikabaki nusu, uwezo huo unashuka kwa nusu, basi. Sidharau kufukia madimbwi. Ninachosema ni kwamba juhudi mbili zinazoonekana kulingana kwa jasho hazilingani kabisa kwa matokeo, na macho peke yake hayawezi kukuonyesha hilo.

Hesabu hiyo niliipiga kwa kalamu na karatasi kabla sijajua kuandika programu hata ya mistari kumi. Bado naamini ndiyo njia sahihi ya kuanza. Kompyuta inakuja baadaye, mambo yanapokuwa mengi: mvua, misimu, watoto na watu wazima, kinga ya mwili, dawa zinazochakaa. Lakini kiini kinatoshea kwenye karatasi moja, na asiyekijua kwenye karatasi hatakijua kwenye kompyuta.

Msingi wake ni wa zamani. Ronald Ross anajulikana kwa ugunduzi wake wa mwaka 1897 huko Secunderabad, India, kwamba vimelea vya malaria vinakua ndani ya mbu, na kwa Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1902. Mimi namheshimu zaidi kwa aliyoyafanya baadaye. Alitumwa Mauritius kuchunguza malaria, ripoti yake ya mwaka 1908 ikawa na hesabu ndani yake, na mwaka 1911 akazipanua katika kitabu. Wapinzani wake walikuwa na hoja moja: mbu hawamaliziki, basi kuwapiga vita ni kupoteza fedha. Ross akawajibu kwa milinganyo kwamba si lazima wamalizike. Kuna kizingiti. Ukiwashusha chini ya hapo, kila mgonjwa anazaa chini ya mgonjwa mmoja, na ugonjwa unafifia huku mbu wakiendelea kuwepo. Miaka ya 1950 George Macdonald, London, akairudia kazi hiyo na kuonyesha kwamba kati ya namba zote zilizomo, uhai wa mbu aliyekomaa ndio wenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa unaingia kama kipeo: unajizidisha wenyewe siku baada ya siku. Namba nyingine yenye nguvu ni kiwango cha kung'ata watu, ambayo inaingia mara mbili, kwa sababu mbu lazima ang'ate mara moja kuchukua na mara nyingine kupeleka. Chandarua kikipunguza kung'atwa kwa nusu, kinachobaki ni robo. Kikiwa na dawa, kinafupisha na maisha pia. Nilipoyaona hayo mawili yakikaa kwenye mlinganyo mmoja nilielewa kwa nini kitambaa chenye matundu kimeokoa watoto wengi hivyo Afrika.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Kwetu kila mzee alijua kwamba ukipanda Amani homa inapungua, na ukifika Lushoto inapungua zaidi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilipoanza kusoma makala za zamani za malaria nikakuta majina ya kwetu yamejaa tele: Amani kulikuwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, na M. T. Gillies na wenzake walikamata mbu maeneo ya Muheza, wakawatia alama, wakawaachia, wakawatafuta tena ili kujua wanaruka umbali gani na wanaishi muda gani. Baadhi ya namba za uhai wa mbu ambazo watu wanazitumia duniani kote mpaka leo zilitoka vijiji ambavyo nimepita nikienda shule. Hilo lilinipa moyo kuliko hotuba yoyote. Namba katika modeli ina kijiji chake, ina usiku wake, ina mtu aliyekesha kuitafuta.

Kuhusu mlima, hesabu inaeleza walichokijua wazee. Kuna kanuni ya zamani: chukua 111, gawanya kwa nyuzi joto zilizozidi 16, unapata siku ambazo vimelea vya falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, vinahitaji kukomaa ndani ya mbu. Nyuzi 25 zinakupa siku 12. Nyuzi 20 zinakupa 28. Nyuzi 18 zinakupa zaidi ya 55. Mrudishe sasa yule mbu wetu wa 0.7 kwa kila siku 3. Kwenye nyuzi 25, 24 katika 100 wanafika. Kwenye nyuzi 20 hawafiki hata 4 katika 100. Kwenye nyuzi 18 anafika takriban mmoja katika 700. Mbu wapo, wanang'ata, na wagonjwa wanaopanda kutoka bondeni wapo, lakini mbu anakufa vimelea vikiwa bado vichanga.

Hapo kuna jambo ambalo mwanafunzi makini atauliza: nyuzi 18 za wapi? Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinakaa nje, kwenye kisanduku cheupe, penye upepo. Mbu wa malaria akishashiba anapumzika ukutani, ndani, mara nyingi kwenye nyumba ambayo jikoni kuna moto wa kuni jioni nzima. Nyuzi mbili au tatu za ziada ndani ya nyumba, kwenye mwinuko kama ule, zinaweza kupunguza siku 55 kuwa chini ya 28. Tangu nilipolielewa hilo, kabla ya kuingiza joto la setilaiti au la kituo katika modeli yoyote ya milimani, naomba mtu aweke vipimajoto vidogo ndani ya nyumba chache. Ni kifaa cha bei ndogo, na kinabadilisha jibu kuliko kubadilisha programu nzima.

Kanuni ile ya 111 nayo ina mpaka wake. Inadai kwamba joto likiongezeka mambo yanakwenda kasi zaidi, bila kikomo. Lakini mbu ni kiumbe hai, akiungua anakufa. Mwaka 2013 Erin Mordecai na wenzake wakakusanya vipimo vya kila hatua, kuanzia kiluwiluwi kukua, mbu kung'ata, mbu kufa hadi vimelea kukomaa, na kila kimoja wakakipa mkunjo unaopanda kisha kushuka. Jibu likawa kwamba malaria inaenea vizuri zaidi karibu na nyuzi 25, wakati modeli za awali zilikuwa zinataja nyuzi 31. Tofauti ya nyuzi 6 kwa kubadilisha umbo la mistari tu. Ukikaa Tanga ukafikiria miaka ijayo, maana yake ni nzito: joto likizidi, ukanda wa chini si lazima uongezekewe na malaria, ila mtu wa Lushoto ana sababu ya kujiandaa. Tangu hapo, mtu akinionyesha modeli, kabla ya kuuliza kompyuta ilichosema, namwomba anichoree umbo la kila uhusiano alioingiza.

Somo lililonigusa zaidi lilitoka Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kule watu wanalima mpunga kwenye tambarare linalofurika, na mashamba ya wengi yako mbali na kijiji. Modeli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida: kila mtu ana nyumba moja, nyumba ina vyandarua kiasi fulani, na asilimia ya waliolala ndani ya chandarua inatoka kwenye dodoso. Siku moja tulifika kwa mama mmoja kuomba kutundika mtego.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Tundikeni tu. Lakini mjue sisi wiki ijayo tunahamia shamba mpaka tuvune. Hapa atabaki babu yao peke yake."

Nikamuuliza vyandarua vinakuwaje.

"Kimoja tunakwenda nacho. Hiki kikubwa kinabaki, kule hakuna pa kukifungia. Kibanda chenyewe hakina ukuta upande mmoja, utafunga wapi?"

Nikaomba kuona kibanda, na mwanawe mkubwa akatupeleka. Nguzo nne, paa la nyasi, kitanda cha miti, mkeka, moto wa kufukuza ngedere na ndege asubuhi, maji ya mpunga hatua chache kutoka hapo. Familia nzima inaishi pale kwa miezi, pamoja na watoto wadogo. Dodoso letu lilikuwa limeandika, kwa ukweli kabisa, kwamba kaya ile ina vyandarua vya kutosha.

Tuliporudi tukaigawa modeli. Kila mtu akapewa makazi mawili, kijijini na shambani, na kila makazi yakawa na mbu wake, chandarua chake na miezi yake. Si kazi ngumu kwa anayejua kuandika programu: ni kuongeza safu moja katika jedwali na kuruhusu watu wahame kwa msimu. Lakini matokeo yalikuwa mengine. Vyandarua vilivyokuwa vinaonekana kutosha mwaka mzima vikaonekana kuacha pengo miezi ile ambayo kazi ya shamba imepamba moto. Swali nalo likabadilika. Badala ya kujiuliza ni vyandarua vingapi zaidi vigawiwe, tukaanza kujiuliza ni chandarua cha umbo gani kinaweza kufungwa kwenye kibanda kisicho na ukuta. Mama yule hajawahi kuuona mlinganyo wetu, ila ndiye aliyeuandika upya.

Kilombero ndiko pia nilikoelewa kwa nini kuhesabu mbu pekee kunapotosha. Mitego inajaa Anopheles arabiensis, ambaye yuko tayari kunyonya ng'ombe na hupenda kung'ata nje. Anopheles funestus anakuwa mchache. Hata hivyo watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara, iliyoko bondeni humo, walionyesha katika miaka ya karibuni kwamba huyo mchache ndiye anayebeba sehemu kubwa zaidi ya maambukizi. Anapenda damu ya mtu, anapumzika ndani, na anazaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo kiangazi hakimkatishi. Ukimweka kila mmoja kwenye mlinganyo na tabia zake, unaona wazi jinsi wachache wanavyowazidi wengi. Ukichora grafu ya idadi tu, utapeleka nguvu kwa asiyehusika sana.

Si kwamba hesabu zikikaa vizuri basi malaria imekwisha. Mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, miaka ya 1970, ulikuwa shule kubwa. Shirika la Afya Duniani na serikali ya Nigeria walipuliza dawa majumbani, wakagawa dawa za kumeza, wakapima kila kitu: mbu, damu, kinga. Mbu walipungua sana, lakini vimelea kwa watu vikapungua kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Klaus Dietz, Louis Molineaux na wenzao walitengeneza modeli yenye kinga ya mwili ndani yake, na jibu likaeleweka: pale mahali palikuwa na maambukizi mengi kupita kiasi, hata ukiondoa sehemu kubwa bado yanabaki ya kutosha kuwafikia karibu watu wote. Mwaka 2007 David Smith, Robert Snow na wenzao walikadiria, kwa jamii 121 za Afrika, ni wagonjwa wangapi wanaoweza kutokana na mgonjwa mmoja mahali ambapo hakuna kinga wala kizuizi. Makadirio yakaanzia karibu na 1 hadi zaidi ya 3,000. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwamba mkakati uliofaulu kisiwani utafaulu Kilombero kama ulivyo.

Na kisiwani penyewe hali ni nyingine. Zanzibar ilipopunguza malaria sana, swali lilikuwa vimelea vinaingia vipi kutoka Bara. Mwaka 2009 Andrew Tatem na wenzake walitumia rekodi za simu za mkononi zisizo na majina kuangalia safari za watu wa Zanzibar. Wengi walikwenda Dar es Salaam, kwa siku chache, ambako hatari ni ndogo. Wachache walikwenda mbali zaidi na kukaa muda mrefu, na hao ndio wenye uzito. Ni mfano mzuri wa data iliyokusanywa kwa shughuli nyingine kabisa kujibu swali la baiolojia. Ni mfano pia wa wajibu: simu ya mtu inajua mambo yake mengi, na anayeshika rekodi hizo ameshika amana.

Kuna upande wa kazi hii ambao vitabu havifundishi, nao ni kuzungumza na mwenye uamuzi. Niliwahi kukaa na mratibu wa malaria wa wilaya, mtu mwenye kazi nyingi na bajeti ndogo. Nilimweleza kwamba kwa mpango wake modeli inaonyesha wagonjwa wanaweza kupungua kati ya kiasi hiki na kiasi kile, na pengo kati ya viwango hivyo lilikuwa pana.

Akaniambia, "Mtaalamu, naomba namba moja. Kwenye ripoti kuna nafasi ya namba moja."

Nilimwelewa. Lakini upana ule ndio ulikuwa ukweli wenyewe, na kuuficha kungemwacha peke yake siku namba ikikataa kutimia. Kwa hiyo tulifungua daftari, nikamwonyesha upana unatoka wapi. Sehemu kubwa ilitokana na kutojua vyandarua vya wilaya yake vimechakaa kiasi gani na dawa iliyobaki ndani yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo naweza kulipima. Nina watu, nina pikipiki." Ripoti ikaenda na namba ya katikati pamoja na viwango viwili vya pembeni, na chini yake mstari mmoja wa kazi ya kupima vyandarua. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za modeli: inakuonyesha ujinga wako umelala wapi, na ni upi kati ya huo unaoweza kuondolewa kwa pikipiki na wiki chache za kazi.

Narudi kwenye umri, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoendelea sasa. Mbu wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi zilizomo katika vyandarua vya kawaida. Mwaka 2009 Andrew Read, Penelope Lynch na Matthew Thomas walitoa wazo ambalo linatoka moja kwa moja kwenye mlinganyo: kama ni mbu wazee tu wanaoambukiza, basi dawa inayowaua wazee peke yao ingetosha kuzuia malaria, na kwa kuwa vijana wangeshataga kabla ya kufa, usugu ungechelewa sana kuenea. Ni wazo ambalo huwezi kulifikia kwa kuangalia mbu waliokufa sakafuni asubuhi. Linapatikana kwa kuwaza siku 12. Nasi hapa Tanzania tumeona vyandarua vya aina mpya vikipimwa Misungwi, mkoani Mwanza, katika utafiti mkubwa ulioongozwa na Jacklin Mosha na kuchapishwa mwaka 2022. Vile vyenye klorofenapiri pamoja na pairethroidi viliwakinga watoto vizuri kuliko vya kawaida, hata baada ya miaka miwili. Klorofenapiri hufanya kazi polepole, mbu anaweza kufa siku mbili tatu baadaye. Anayehesabu mizoga ya asubuhi anaweza kuiona dawa hiyo kuwa dhaifu. Kwenye hesabu ya umri, mbu aliyekufa siku ya tatu ni sawa na aliyekufa siku ya kwanza: wote wawili hawakufika ya 12.

Tatizo ni kwamba kupasua ovari ni kazi ya polepole, inataka macho na subira, na miradi mingi siku hizi inahesabu mbu na kupima aina zao kwa vinasaba bila kuangalia umri kabisa. Kwa bahati nzuri kuna njia mpya. Ngozi ya mbu hubadilika kikemia kadiri anavyozeeka, na miale ya infraredi ikimpitia inabeba alama ya mabadiliko hayo. Watafiti wa Ifakara, Glasgow na Burkina Faso wamefundisha kompyuta kusoma alama hizo na kukadiria umri na aina ya mbu, na mwaka 2022 walichapisha matokeo yenye kutia moyo. Lakini mashine hiyo inafundishwa kwa mbu wanaojulikana umri wao, na mbu aliyelelewa maabara akilishwa vizuri hafanani na wa bondeni aliyekua kwenye maji machafu. Mtu lazima aipe mashine mbu wa mahali hapo, na ithibitishwe na hadubini.

Ninachokitaka sasa ni funestus wa kiangazi. Takwimu zetu nyingi za waliotaga na wasiotaga zinatoka miezi ya mvua, mitego inapojaa na kila mtu anapasua mpaka jioni. Kiangazi mtego unaleta mbu wawili, watatu, na wengi huona haifai kufungua hadubini kwa ajili yao. Ni hao hao wanaovusha malaria kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na katika modeli yetu namba yao bado ni makisio yaliyoazimwa kutoka masika. Tumekubaliana na vijiji vinne vilivyo kando ya mto kwamba mitego itatundikwa mpaka mvua za kwanza, na kila jike atakayepatikana atapasuliwa siku hiyo hiyo.